Njia ya chini: namna ya kwenda kwa mtu uliyemkosea

Kwa miaka sita nilikwenda kanisani kwa njia ya juu. Njia ya chini ni fupi na tambarare, na hata masika haina tope la kutisha, ila inapita mbele ya kibanja cha mama mmoja mjane. Mke wangu aliponiuliza kwa nini nazunguka, nilimjibu kwamba nafanya mazoezi ya moyo. Hakuna daktari aliyewahi kuniambia habari za mazoezi ya moyo.

Vijana wa ushirika wetu hapa Kamachumu huniuliza wafanye nini ili wakue kiroho. Wana bidii kweli. Wanafunga siku tatu kavu, wanakesha, wanalala chini, Kwaresima wanaacha soda. Sina ugomvi nao, maana nami nilifunga sana katika miaka hiyo sita. Niliacha sukari Kwaresima mbili mfululizo, nikakonda, watu wakanisifu. Lakini taabu unayojipangia mwenyewe unaishika hatamu: unajua itaanza lini, itakoma lini, na kwamba asubuhi ya Pasaka chai yako itakuwa na vijiko vitatu. Kuna taabu nyingine ambayo hatamu zake zimo mikononi mwa mtu mwingine. Unabisha hodi kwake, unasema ulilolifanya, kisha yeye ndiye anayeamua litakuuma kiasi gani. Nawaelekeza vijana huko, na ndiko ninakotaka kukuelekeza wewe. Nitaeleza nilivyofanya mimi, pamoja na pale nilipoharibu.

Kosa lenyewe

Nina duka. Januari 2011 yule mama alikuja akiwa amefunga kanga kiunoni, akasubiri wateja wote waondoke. Mwanawe alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza, na nyumbani hakukuwa na ada, wala sare, wala godoro. Sisi Kagera tuna biashara inayoitwa butura: unanunua kahawa ya mtu ikiwa bado maua au kijani mitini, kwa bei ya shida yake, kisha msimu ukifika unavuna wewe. Imekatazwa, na kila mtu anaijua. Nilimpa shilingi 60,000 kwa miti yake yote. Julai nikapeleka vijana wakavuna, nikaanika, nikapata magunia matatu ya maganda, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, yaliyoniingizia zaidi ya 180,000.

Tuliandikishana. Alitia dole gumba na mimi nikatia saini. Ndiyo maana ilinichukua miaka mingi namna ile: kosa lenye karatasi ni gumu kuliona.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko lilitikisa mkoa wetu, na nyumba yake ikapata ufa kutoka dirishani hadi msingi. Mimi ni mzee wa kanisa, nikatumwa na wenzangu kukagua nani ameathirika. Alitukaribisha ndani, akatuletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi kwetu mgeni akija. Nikaitia mdomoni. Ilikuwa ya miti ile ile. Hakusema neno, wala hakunitazama kwa namna yoyote ya pekee. Aliniuliza tu habari za watoto.

Hata baada ya siku ile nilikaa miezi sita sijaenda. Nasema hivi ili usidhani dhamiri ikichomwa mara moja basi mguu unatembea wenyewe.

Hatukuanza sisi

Babu yangu alikuwa mlokole wa zamani. Neno hilo limetufikia kutoka Kiganda, maana yake waliookolewa, na siku hizi watu hulitumia kwa kejeli kumtaja mtu wa kelele nyingi. Kwa watu wa babu lilikuwa na uzito mwingine. Mwezi Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe kule Kampala, Mganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa wamechoshwa na ukavu wa imani yao. Walisoma Biblia na kuomba pamoja, na moto uliowaka Gahini miaka iliyofuata ukaenea Uganda, ukaingia kwetu Buhaya kabla miaka ya thelathini haijaisha, ukafika Kenya. Askofu wetu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa pale Dar es Salaam kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huo.

Walichokuwa wakisisitiza hakikuwa kigumu kueleza. Dhambi inaungamwa kwa jina lake, kilichochukuliwa kinarudishwa, na jambo linawekwa nuruni kabla halijaoza. Babu alifanya kazi ya kufua nguo katika hospitali ya misheni, na alipookoka alikumbuka kwamba shuka mbili za kitandani kwake si zake. Alizifua, akazikunja, akajitwika, akatembea karibu nusu siku, watu wakimcheka njiani kwa sababu aliwaambia alichobeba. Mzungu aliyezipokea hakujua kama zilikuwa zimepotea. Babu akituhadithia alikuwa hasisitizi ujasiri wake. Alikuwa akisisitiza jinsi shuka zilivyokuwa nzito kuliko siku alipoziiba.

Kwanza, hakikisha taabu hiyo ni yako

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu mafundisho haya yameumiza watu. Mwanamke anayepigwa nyumbani asije akasoma maneno yangu akadhani anaitwa kuvumilia. Kupigwa si msalaba wake, na mchungaji anayemwambia arudi akanyamaze amemtwisha mzigo wa mtu mwingine. Atoke, aende kwa ndugu, aende polisi kwenye dawati la jinsia. Mgonjwa ameze dawa zake, na mwenye kisukari asifunge kavu kwa sababu wenzake wanafunga. Kadhalika kama wewe ndiye uliyekosewa, huna kazi ya kwenda kuomba radhi ili amani ipatikane. Mathayo 18 inakupa njia yake, nayo inaanza na kumwonya aliyekukosa, ninyi wawili peke yenu.

Nazungumza na yule aliyekosa. Kama hujui pa kuanzia, jiulize unazunguka njia ya nani. Ni nani akikupigia simu unaiacha ilie? Nani akiinuka kusoma somo kanisani wewe unatafuta kitu mfukoni? Ni nani unamsema vibaya kuliko anavyostahili? Mimi nilikuwa nikisema yule mama ana kiburi.

Chagua mmoja. Usiandike orodha ya watu ishirini, maana orodha ndefu nayo ni maficho.

Andika sentensi moja

Chukua daftari uandike ulichofanya kwa sentensi moja isiyo na "lakini," isiyo na "kama," na isiyo na mtu mwingine ndani yake zaidi yenu wawili. Yangu ya kwanza ilisema hivi: "Kama kuna namna nilikukosea katika biashara ile, naomba tusameheane." Soma tena uone uozo wake. "Kama kuna namna" inamtaka yeye athibitishe. "Biashara" inaficha kahawa. Na hilo "tusameheane" linamgawia nusu ya kosa mtu ambaye kosa lake lilikuwa kukosa ada.

Nilifuta mara nyingi. Ile iliyobaki ilikuwa: "Ulikuja kwangu ukiwa na shida, nikachukua kahawa yako kwa theluthi ya thamani yake, na nilijua ninachofanya." Sehemu ya mwisho ndiyo iliyochelewa kutoka. Isome sentensi yako kwa sauti ukiwa peke yako. Mahali sauti inapotaka kushuka, hapo ndipo penye jambo.

Piga hesabu kabla ya kuondoka

Maungamo ya kitu chenye bei hayakamiliki kwa machozi. Walawi sura ya 6 inaagiza kitu kirudishwe kizima na kuongezwa sehemu ya tano. Zakayo mtoza ushuru alisema atarudisha mara nne, ila hakuna aliyemwagiza; alijisemea mwenyewe kwa furaha. Mimi sikuwa na furaha ya kiasi hicho, nikashika ile ya Walawi.

Nilikwama kwenye shilingi, kwa kuwa shilingi ya 2011 haikuwa shilingi ya 2017. Nikaamua kuhesabu kwa magunia. Nilivuna matatu, nilichompa kilikuwa thamani ya gunia moja siku zile, kwa hiyo nilikuwa na magunia yake mawili. Sehemu ya tano ya mawili haifiki nusu gunia, nikaikamilisha ikawa nusu. Magunia mawili na nusu, kwa bei niliyouzia mimi mwenyewe msimu uliokuwa umepita. Kama fedha huna zote, nenda na ulichonacho na useme tarehe ya kilichobaki, kisha uitimize tarehe hiyo hata ukila ugali kwa chumvi. Ila usiende mikono mitupu ukasema Mungu atamlipa.

Kabla ya hapo mwambie mwenzako wa nyumbani, kwa sababu fedha hiyo inatoka kwenye chungu kimoja. Nilimweleza mke wangu usiku, taa imezimwa, maana mwanga nao ulikuwa umenishinda. Alikaa kimya kwa muda. Nikangoja aseme ni fedha nyingi. Akasema, "Sawa. Na yule fundi wa makabati je?"

Nilikuwa nimemsahau kabisa fundi wa makabati. Nitamrudia.

Siku ya kwenda

Nilikwenda wiki ya pili ya Kwaresima ya 2017, siku ya Jumanne, mapema kabla hajaingia kibanjani. Usichague Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama makundi makundi, maana hapo unamnyima nafasi ya kukasirika. Usimpeleke mchungaji kama ngao. Kama unaogopa ugomvi wa kweli, mchukue mtu mmoja anayeheshimiwa na yule uliyemkosea, si rafiki yako. Usitume ujumbe. Usitume fedha kwa simu kisha ukangoja ajibu "asante." Simu inafikisha fedha, haifikishi uso. Na usibebe sukari wala sabuni. Zawadi inamlazimisha mwenye nyumba kushukuru kabla hajasikia.

Nilipita njia ya chini.

Adabu ya kwetu haimruhusu mgeni kuingia na kutoa neno papo hapo, na sikutaka kuivunja. Tukaamkiana, tukaulizana habari za wazima na wagonjwa, akaleta kikapu cha kahawa. Safari hii sikuweza kuitia mdomoni. Nilikumbuka neno la Yesu kuhusu mtu aliyefika madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, akaambiwa aiache sadaka palepale. Nikachukua punje mbili nikazishika kiganjani, nikamwambia, "Mama, kahawa hii nitaitafuna ukiniruhusu, ila nina neno kwanza." Nikasema sentensi yangu. Nikaweka bahasha juu ya meza na kumweleza hesabu ya magunia.

Halafu nikaharibu. Nikaongeza kwamba hata nami mwaka ule duka lilikuwa na hali mbaya. Lilinitoka tu, kama mtu anayetelezesha mguu kwenye kokoto. Akainua mkono kidogo, nikanyamaza.

Akasema, "Kahawa umeihesabu. Mwanangu umemhesabu?"

Kijana alikuwa ameacha shule mwaka uliofuata. Fedha yangu ilimwingiza kidato cha kwanza. Ada ya kidato cha pili ingetoka kwenye kahawa, na kahawa ilikuwa kwangu. Siku hizo alikuwa anaendesha bodaboda Muleba. Nilikuwa nimepanda pikipiki yake mara mbili bila kujua ni nani.

Sasa, hapa ndipo mafunzo yote yanapopimwa, na nakwambia usifanye kitu. Usiahidi jambo kubwa kwa sababu moyo umechemka. Usitoe mstari wa Biblia, wala usilie kwa namna itakayomfanya ainuke kukubembeleza. Usiseme "nisamehe" kama mtu anayedai chenji. Nilimjibu, "Hapana, Mama. Sikumhesabu," tukakaa. Nje kuku walikuwa wanaparura majani makavu ya migomba. Sijawahi kukaa kimya kirefu namna ile mbele ya mtu, na mifungo yangu yote haikuwa imenifikisha hata robo ya mahali pale.

Baadaye aliichukua bahasha, akaihesabu fedha mbele yangu noti kwa noti. Aliniruhusu nitafune. Msamaha hakuutaja, wala mimi sikuuliza.

Baada ya hapo

Ukirudi nyumbani utajisikia vibaya kuliko ulivyoondoka. Wengi hudhani wamekosea mahali. Wahubiri wa mikutano husema mzigo hudondoka palepale. Wangu ulibadilika umbo tu. Mtume Paulo anaposema katika Warumi 5 kwamba dhiki huleta saburi, na saburi uthabiti wa moyo, hasemi mambo hayo yanafika siku moja. Kula chakula chako, nenda kazini. Mkikutana msalimie kama kawaida, na usimtazame kila mara kutafuta dalili.

Kijana nilimfuata baada ya miezi miwili, peke yake, kwenye kijiwe chake. Tuliongea mengi, na hayo ni yetu wawili.

Nina neno moja la kuwapinga wazee wangu wa uamsho, na nalisema kwa heshima. Wao walipenda kila kitu kisemwe mbele ya ushirika. Nimesikia wanaume wakisimama kuungama uzinzi kwa undani, wakakaa chini wakiwa wepesi kama unyoya, huku mwanamke waliyemtaja akishindwa kwenda kisimani mwezi mzima. Kosa lako ni lako kulisema. Aibu ya mwenzako si yako kuigawa. Yule mama nilimwomba ruhusa kabla sijasema lolote katika ushirika. Alikataa. Nikakaa na neno langu miaka, na kukaa nalo bila kusifiwa kulinifundisha kuliko kulisema. Nikiandika haya ni kwa sababu mwaka jana alisema, "Sasa unaweza, ila usinitaje."

Mambo mengine ya kila wiki ni madogo, yapitie haraka. Omba kabla ya kwenda, kwa maneno machache. Kama unafunga, nawa uso, upake mafuta, watu wasijue. Tafuta ndugu mmoja mwenye ruhusa ya kukuuliza swali usilolipenda, na siku akikuuliza usimbadilishe.

Kama mtu ameshafariki

Fundi wa makabati nilimlipa nusu, nikidai mbao zimepinda. Hazikupinda, rafu zake ndizo zinazobeba unga dukani hadi leo. Alifariki 2014. Kitabu cha Hesabu sura ya 5 kinasema malipo yaende kwa jamaa yake wa karibu, na ikikosekana jamaa ndipo yapelekwe kwa kuhani, kwa hiyo usikimbilie kutumbukiza fedha kwenye kapu la sadaka ukajiona umemaliza. Tafuta watoto kwanza. Ilinichukua muda mrefu kuuliza uliza, hadi nikaambiwa binti yake mkubwa anauza dagaa Mwanza, pale Mwaloni Kirumba.

Mwaka 2021 nilipanda meli usiku, asubuhi nikaingia sokoni. Nilimtambua kwa paji la uso la baba yake. Nikamwamkia, nikajitambulisha kwamba nimetoka Kamachumu na nilifahamiana na marehemu. Uso ukambadilika kabla sijafika mbali.

"Baba hakuacha kitu, mzee wangu," akasema. "Kama ni deni, hata mazishi tulichangiwa."

Nikamwambia mwenye deni ni mimi. Alinitazama, akafuta mikono kwenye kanga, akageuza ndoo tupu chini juu, akaipangusa kwa kiganja.

"Basi kaa," akasema, "uanze mwanzo."